Maji Aliyomkataza Mama Yake

Mlio nami tangu mwanzo mnakumbuka niliishia wapi: benchi la mbele, ukumbi wa kanisa, kitenge cha msiba kiunoni, macho mlangoni. Namsubiri mume wangu aje aiseme kampuni.

Kwa aliyeokota gazeti hili leo, jina langu ni Mutale, ila hapa kompaundi ya Chifundo, mtaa wetu wa Lusaka, wananiita Bana Mwila, mama wa Mwila. Nilikuwa nauza maji kwenye kioski cha kampuni. Ina jina refu la kizungu, lakini sisi tuliiita Bluu, kwa rangi ya malori yake ya maji. Kipindupindu kilipoingia, serikali ilifukia visima vyetu kwa udongo ikatuambia tunywe maji ya Bluu, hayo tu. Tukanywa. Watu wakazidi kufa. Akafa na Nkandu, mdogo wangu wa tumbo moja, niliyekuwa nikiishi naye.

Tulipiga kelele mpaka ikaundwa Tume. Mume wangu, Kabaso, ni dereva wa lori la Bluu. Baada ya mazishi alinikalisha akaniambia ameligundua jambo: pampu za kampuni ziliharibika, na malori yakawa yanajazwa kwenye shimo la machimbo ya mawe. Yeye alikuwa anakabidhiwa lori likiwa limeshajaa. Hakujua.

"Nitakwenda kusema," aliniapia. "Wanifukuze wakitaka."

Nilimwamini. Nilimpigia pasi shati mwenyewe.

Sasa mlango wa ukumbi ukafunguliwa, Kabaso akaingia. Hakuwa amevaa shati nililompigia pasi. Alivaa suti mpya ya kijivu, na kando yake alitembea wakili wa Bluu, Bwana Zimba, amemshika kiwiko kama anavyoshikwa bwana harusi.

"Huyo si Bashi Mwila, mumeo?" Namasiku alinong'ona pembeni yangu. "Mbona anatembea nao?"

Namasiku ndiye muuguzi mkuu wa zahanati yetu na ndiye rafiki yangu. Yeye ndiye aliyemtundikia Nkandu dripu kwenye hema la wagonjwa. Yeye ndiye aliyetukusanya wanawake wa Chifundo akatuambia tusinyamaze, tudai Tume.

"Labda wamekutana nje," nilimjibu.

Aliushika mkono wangu.

Mwenyekiti wa Tume alikuwa Jaji Chiinga, mama mfupi mwenye sauti ya mwalimu wa darasa la kwanza. Hakupoteza muda.

"Bwana Kabaso, maji uliyoleta Chifundo ulikuwa unayachota wapi?"

"Kwenye kisima kirefu cha kampuni, mheshimiwa."

"Siku zote?"

"Siku zote."

Ukumbi ukaguna. Mimi nilidhani amechanganyikiwa. Nikamkonyeza. Hakuniangalia.

"Basi watu hawa wameugua kwa maji gani?"

Kabaso akamtazama Zimba. Zimba akakuna kidevu.

"Maji ya kioski, mheshimiwa. Muuzaji alifukua kisima cha zamani nyuma ya nyumba. Anachanganya maji ya kisimani na ya kampuni ili apate ya kuuza zaidi."

"Ulimwona kwa macho yako?"

"Nilimwona."

"Nani huyo?"

Kabaso akainamisha kichwa.

"Mke wangu."

Sikusikia kelele mara moja. Nilisikia masikio yakivuma, kisha mkono wa Namasiku ukitoka kwenye wangu, kisha ndipo sauti za watu zikanifikia zote kwa pamoja.

"Kumbe ni wewe!" Jirani yangu Bana Lushomo, aliyezika mume, alikuwa amepanda juu ya benchi. "Nakuja na ndoo yangu, unaniambia chota jirani, haya ni salama! Nikampelekea mume wangu kwa mikono hii!"

"Bana Lushomo, sijafanya..."

"Nyamaza, mchawi wee!"

Nikasimama.

"Bashi Mwila, nitazame. Nkandu alikunywa maji hayohayo. Nimuue mdogo wangu?"

Akanitazama, kwa mara ya kwanza tangu aingie. Na akasema taratibu, kama mtu anayenitetea:

"Hukujua kwamba yana ugonjwa, mke wangu. Nawaambia wote hapa, hukujua."

Mimi nimeshapigwa maishani, mnajua, niliwasimulia. Sijawahi kupigwa namna ile.

Zimba alikuwa ameshainuka, anafunga kifungo cha koti.

"Mheshimiwa, kampuni inaungana na wafiwa. Tukumbuke ni kampuni hii iliyotoa mahema pale zahanati, vitanda, na kila dripu inayotundikwa mle ndani, bila kumdai mtu. Haiwezi kubebeshwa tamaa ya mama mmoja wa kioski. Tunaomba Tume imkabidhi kwa polisi, sisi tuendelee kusaidia wagonjwa."

Wapo waliopiga makofi. Majirani zangu. Watu waliokula ugali wetu wa nshima kwangu.

Askari mmoja mlangoni akaiweka sawa kofia yake.

"Wewe mla panya, kaa chini!"

Sauti ilitoka nyuma kabisa ya ukumbi. Nikaijua kabla sijageuka, na moyo ukanizama zaidi, kwa sababu katika dunia hii hakuna aliyenichukia kama mwenye sauti ile. Mama mkwe wangu, Bana Kabaso. Tangu siku ya uchumba aliniambia mimi si wa kuoa, ni wa kukodi.

Watu wakacheka, pamoja na uchungu wote ule. Zimba ni Mngoni wa Chipata, mama mkwe ni Mbemba wa Kasama, na Wabemba na Wangoni ni watani, hata msibani wanatukanana. Zimba naye ikambidi atabasamu.

"Mtani wangu, subiri zamu yako. Nitakuletea nyani umtafune."

"Nyani nitamla baadaye," alisema bibi yule, anakuja mbele huku anawasukuma watu kwa kiwiko. "Kwanza nimalizane na huyu niliyemzaa."

Kicheko kikakatika.

"Mama," Kabaso alisema, "rudi ukakae."

"Nitakaa ukinijibu. Kipindupindu kilipoanza, nani alikuja kwangu na maji ya chupa, maboksi kwa maboksi?"

"Mama, haya si mambo ya..."

"Nani?"

Jaji Chiinga akavua miwani.

"Mama, hapa tunasikiliza kwa utaratibu," alisema. "Una jambo la kuiambia Tume?"

"Ninalo, mwanangu. Huyu alikuja kwangu akaniambia, mama, usinywe maji ya Bluu. Nikamwuliza kwa nini, si ndiyo maji yenu? Akasema pampu imekufa, bosi ametuambia tuchote machimboni mpaka itengenezwe. Machimboni kule wanakooga wapasua mawe. Akasema dawa ya kutia nayo imekwisha. Anachota mwenyewe, mpira anaushika yeye. Ndivyo alivyoniambia, kwenye mkeka wangu, anakula dagaa zangu za kapenta."

"Lini hiyo?"

"Kabla shemeji yake hajaugua. Hata tumbo halijamuuma."

Nilikuwa bado nimesimama. Nikawa nasikia maneno moja moja, kila moja linakuja peke yake na kukaa mbele yangu.

"Na akaniletea Mwila, mjukuu wangu," bibi akaendelea. "Akasema shule zimefungwa, akae kwako, anywe maji ya chupa pamoja nawe."

Ni kweli. Mwila alikwenda kwa bibi yake. Mimi ndiye niliyemfungia nguo. Kabaso alisema mama mpweke, mtoto atamchangamsha. Nikasema wazo zuri.

Kwa hiyo alimtoa mama yake. Akamtoa binti yake. Akatuacha sisi, mimi na Nkandu, na kila jioni alikaa mezani akatuona tukinywa.

"Mama," nilisema, na sauti yangu haikuzidi mnong'ono, lakini ukumbi wote ulikuwa kimya. "Ulijua, na hukuniambia?"

Akageuka. Uso wake, ule nilioujua kwa kunibetulia midomo, ulikuwa umelegea.

"Mayo, mama wee, aliniambia umeshajua! Aliniambia mke wangu ana ya kwake, anachemsha. Nilipoona mnamzika yule binti nikasema labda alikunywa njiani. Leo ndiyo nasikia kinywani mwako kwamba hukujua. Leo hii." Akamgeukia mwanawe. "Umenifanya muuaji na uzee wangu huu, Kabaso."

Bana Lushomo alishuka taratibu kutoka kwenye benchi. Hakunitazama.

Zimba alikuwa ameinama, ananong'ona na meneja wa Bluu, bwana mwembamba ambaye tangu asubuhi alikuwa anachezea simu. Wakanong'ona. Meneja akatikisa kichwa. Zimba akasimama, na sasa alikuwa mtu mwingine.

"Mheshimiwa, kampuni imeshtuka. Kampuni haikumtuma mtu yeyote machimboni. Kama dereva huyu alichota huko, amechota kwa hiari yake, kwa uvivu wake. Kuanzia dakika hii si mfanyakazi wetu. Tunaomba achukuliwe hatua."

Kabaso aliruka kama aliyemwagiwa maji ya moto.

"Bwana Zimba! Si mliniambia... Si ulisema mke wangu atapewa onyo tu, na mimi nitakuwa msimamizi wa madereva? Ulisema hapo nje, sasa hivi!"

"Sikufahamu, bwana."

"Suti hii nani kanivisha?"

Hakuna aliyecheka.

Jaji Chiinga aligonga meza kwa kiganja.

"Bwana Zimba. Asubuhi ulinipa mama wa kioski. Sasa unanipa dereva. Jioni utanipa nani, aliyechimba shimo? Mimi sikuitwa hapa kuuliza habari za mama wala dereva. Nimeitwa kuuliza habari za kampuni. Pampu zilikufa, malori yakaendelea kutoka yamejaa. Huyo meneja wako aliyekaa hapo alidhani yanajazwa na mvua?"

Meneja akaweka simu mfukoni.

"Kesho nitamsikiliza yeye. Na kabla yake nitamsikiliza muuguzi mkuu wa zahanati, atueleze anachojua kuhusu maji yale. Tumefunga kwa leo."

Askari hakunigusa. Nikatoka na miguu yangu.

Namasiku ndiye aliyenifikisha nyumbani. Alinikalisha kizingitini, akaingia jikoni, akawasha mkaa, akabandika sufuria ya maji ya nshima. Mwila, niliyemrudisha kutoka kwa bibi yake shule zilipofunguliwa, alikuwa amelala chumbani, amerudi shule amechoka.

Nilikaa tu. Sikulia. Jua lilikuwa bado liko juu ya mabati ya jirani nilipomwona Kabaso anakuja, ametupa koti, shati limemlowa.

Akachuchumaa mbali kidogo, kama mgeni.

"Nipige," alisema.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Bana Mwila..."

"Mama yako ulimwambia. Mtoto ulimwondoa. Mimi nilikukosea nini?"

Akafuta uso kwa mkono wa shati.

"Ningekuambia, ungefunga kioski kesho yake asubuhi. Ungesimama barabarani unapiga ukunga. Nakujua. Wewe kunyamaza hujui. Wangejua ni mimi niliyetoa siri, na kazi ingekuwa imekwisha."

"Kwa hiyo ulinyamaza kwa sababu mimi ningesema."

"Nilidhani ni siku chache. Bosi alisema pampu inakuja. Kila siku inakuja. Na wewe hukuugua. Nikawa nakuangalia kila asubuhi, nasema Mungu asante, leo tena hajaugua."

"Na Nkandu ulikuwa unamwangalia?"

Hapo alilia. Mimi nilimtazama tu. Nilitafuta ndani yangu kitu cha kumhurumia nikakosa, na nawaambia ukweli, kule kukosa kuliniogopesha kuliko hasira.

"Toka," nilisema. "Nenda kwa mama yako kama atakufungulia."

Akasimama. Alipiga hatua mbili, akarudi.

"Nitatoka. Lakini usimalizie uchungu wote kwangu. Si mimi peke yangu niliyejua."

"Meneja nitamsikia kesho."

"Simsemi meneja."

Akaelekeza kidevu mlangoni, nyuma yangu.

"Muulize aliyeko jikoni."

Nilisikia mwiko ukiwekwa chini. Namasiku akatokea mlangoni, mikono ina unga. Nikamngoja amtukane. Namasiku ana mdomo, mnamjua. Nilimngoja amwambie muongo mkubwa wee, umeshamuuza mkeo sasa unauza na jirani.

Hakumtukana.

"Namasiku?"

"Niliyachukua maji ya kioski chako," alisema. "Unakumbuka nilikuja na chupa, nikakuambia ni ya kusafishia vidonda. Niliyapeleka yakapimwe."

"Yakawaje?"

"Machafu. Machafu kabisa."

"Lini?"

Akaanza kuparuza unga viganjani, nami nikawa nimeshajua.

"Lini, Namasiku?"

"Nkandu alikuwa bado anakuja kunisuka."

Kabaso alicheka kicheko kikavu. "Umeona? Sikuua peke yangu."

"Wewe funga bakuli lako!" Namasiku alimfokea, kisha akanigeukia, na maneno yakamtoka mbiombio. "Nilikwenda kwa meneja siku ileile, mumeo alikuwapo nje na lori lake. Nilimwambia simamisha malori au natangaza. Akanikaribisha chai. Akaniambia, muuguzi, ukitangaza leo, kesho tunakuja na gari letu tunachukua mahema yetu, vitanda vyetu na dripu zetu. Tutasema hatuwezi kusaidia watu wanaotutukana. Serikali ilikuwa haijaniletea hata chupa moja ya dripu, Bana Mwila. Hata moja. Hema limejaa watu. Wangekufa mbele yangu."

"Walikufa mbele yako."

"Wengine. Wengi niliwaokoa. Niliokoa kwa dripu zao."

"Na ya Nkandu?"

"Hata ile ilikuwa yao."

Nikakumbuka nilivyoishika ile chupa juu, mkono umekufa ganzi, kwa sababu msumari wa kutundikia ulikuwa umekatika. Niliibusu. Nilisema Mungu awabariki waliotoa.

"Na bado ukatukusanya," nilisema. "Ukasimama mbele ya wanawake waliofiwa, ukatuambia tusinyamaze."

"Ndiyo maana niliwakusanya!" Alikuwa analia sasa, unga umempaka shavuni. "Nilitaka aseme mwingine. Mumeo aseme, wewe useme, yeyote, isiwe mimi. Sasa jaji ameniita kesho. Na wao wameshanitumia salamu, leo hii pale nje ya ukumbi. Gari lao liko tayari. Nikisema nilichokipima, dripu zinaondoka kesho hiyohiyo, na hema bado lina watu. Yumo mama wa Bana Lushomo. Wamo watoto." Akapiga magoti mbele yangu, mbele ya Kabaso, mbele ya majirani waliokwisha kusogea uzioni. "Wewe ndiye uliyefiwa. Niambie nifanye nini, nitafanya. Ukisema niseme, nitasema kila kitu."

Sikuhitaji kufikiri. Niliona uso wa meneja, na simu yake. Niliona Zimba akifunga kifungo. Nilimwona mume wangu akisema aliniona nikichanganya. Nikavuta pumzi nimwambie: sema. Sema yote, waondoke na mahema yao, serikali ione aibu ilete yake. Sema, hata dunia ipasuke.

"Mama."

Mwila alikuwa amesimama mlango wa chumbani, ameshika ukuta. Midomo yake ilikuwa imekauka, na macho yamezama kama ya mtu mzima. Nguo ya shule ilikuwa imelowa chini, na maji yaliyodondoka sakafuni yalikuwa meupe, kama yaliyooshewa mchele.

Tangu Nkandu afe, hapa nyumbani nilikuwa nachemsha kila tone. Shuleni je?

"Mama, tumbo."

Akakalia sakafu.

Namasiku ndiye aliyemfikia kwanza. Alimfinya ngozi ya tumbo, na ile ngozi ikabaki imesimama. Akamwinua begani bila kuniomba ruhusa.

"Hema," alisema. "Sasa hivi. Anahitaji dripu kabla ya kiza, na kesho mchana kutwa."

Kabaso alikuwa ameshafungua geti. Wote wawili wakanigeukia, yule aliyeniuza na yule aliyenificha ukweli, wananisubiri mimi.

Na mimi, niliyekuwa nimefungua mdomo nimwambie Namasiku akaseme kila kitu, nikaufunga.